Ukuta Alioujenga Baba

Kazi yangu ni kupima mitetemo. Nazunguka viwandani Mombasa na Kilifi nikibandika vihisi juu ya pampu, feni na mota, kisha kompyuta inanichorea jinsi mashine inavyotetemeka, nami nasoma hapo kama beringi imeanza kuchakaa au shafti imepinda. Kihisi chenyewe ni kidude cha chuma kinachotosha kufumbatwa kiganjani, chenye sumaku chini na waya nyuma. Baba yangu, aliyekuwa fundi mwashi kijijini kwetu Hewani, kando ya mto, hakuielewa sana kazi hii. Watu wakimuuliza binti yake anafanya nini mjini, alikuwa akijibu, "Anasikiliza mashine," na kuishia hapo.

Kwa hiyo aliponipigia simu akiniomba nije nyumbani na vyombo vyangu, nilijua jambo limemzidi. Baba hakuwa mtu wa kuomba.

Kanisa letu pale kijijini lilikuwa limepasuka. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha, upande unaoelekea mtoni, ukapanda hadi chini ya paa, na kwa juu ulikuwa umepanuka kiasi cha kuingiza mkono. Jirani na ukuta huo palikuwa na kisima na pampu inayoendeshwa kwa injini ya dizeli, iliyofungwa miaka ya karibuni, baada ya mafuriko, ili watu wasiteke tena maji ya mtoni. Kila injini ilipowashwa, mabati ya kanisa yalilia na vumbi likadondoka juu ya mabenchi. Baba alikuwa na hakika kwamba injini ndiyo inayoliua kanisa. Wazee wenzake walitaka ing'olewe. Wanawake wa kamati ya maji wakasema atakayeigusa atawakuta. Ikafika mahali watu wa pande hizo mbili hawasalimiani hata siku ya ibada.

"Njoo upime," baba aliniambia kwenye simu. "Chombo hakina ndugu. Kikisema, watanyamaza."

Hapa sina budi kumtaja mama. Kanisa lile baba alilijenga angali kijana, kwa matofali ya kuchoma aliyoyafyatua mwenyewe, na maji yote ya kukandia udongo aliyabeba mama kichwani kutoka mtoni, huku akiwa na mimba yangu. Nilibatizwa humo. Nilipokuwa darasa la saba, mama alikwenda kuteka maji kama siku zote, na mamba akamchukua. Wanaume walimtafuta kwa mitumbwi, juu na chini ya mto, mpaka wakakata tamaa. Walichokipata ni leso yake, imenasa kwenye matete. Hatukuwa na mwili wa kuzika, wala kaburi la kupalilia. Tangu hapo baba aliketi Jumapili zote kwenye benchi la pembeni, bega lake limegusa ukuta ule wa upande wa mto. Mara moja tu, nilipomuuliza kwa nini hakai mbele na wazee wenzake, alinijibu, "Mama yako yumo humu." Sikumuuliza tena.

Nilifika Hewani nikiwa na mioyo miwili. Kanisa lilikuwa la wazazi wangu. Lakini ile pampu, laiti ingekuwako zamani, mama asingeshuka mtoni.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alinipokea kisimani. Alikuwa rafiki wa mama tangu usichana wao, nami humwita mama.

"Mwanangu, karibu," alisema. "Lakini sitakuficha. Wenzangu wanasema wewe ni damu ya mzee, utasema analolitaka."

"Njoo ukae karibu yangu, mama. Kila nitakachokiona, na wewe utakiona."

Nilibandika kihisi cha kwanza kwenye kitako cha injini. Cha pili nilikipachika kwenye kigingi cha chuma nilichokipigilia ardhini katikati ya injini na kanisa. Viwili vilivyobaki niliviweka ukutani, kimoja chini na kimoja juu kando ya ufa, nikavigandisha kwa nta kwa kuwa sumaku haishiki tofali. Injini ilikuwa imezimwa. Kwenye kompyuta mistari minne ilitulia.

Baba alisogea, akaniuliza, "Nikigonga, kitasikia?"

"Gonga."

Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Mstari wa ukutani ukaruka. Aligonga tena, ukaruka tena. Alitabasamu, akatazama huku na huku aone kama wenzake wameona. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumwona baba akiifurahia kazi yangu.

Kisha injini ikawashwa. Mabati yakaanza kulia kama kawaida. Mstari wa injini ulicheza juu na chini, wa ardhini ukatikisika kidogo, na ile miwili ya ukutani ikanenepa unene ambao usingeuona kama hukuonyeshwa. Pigo la kidole cha baba lilikuwa limeutikisa ukuta zaidi kuliko injini nzima. Mwenyekiti aliona, lakini hakushangilia. Nilimshukuru kimoyomoyo.

"Rudia," baba alisema. "Labda hakijashika vizuri."

Nilirudia. Nilihamisha vihisi, nikabadilisha nyaya, nikaomba injini iongezwe kasi mpaka moshi ukawa mweusi. Nilipanda ngazi nikakuta misumari ya mabati imelegea; kelele iliyowatisha watu ilikuwa ya bati lenyewe, linaloitikia mlio wa injini, na vumbi lilitoka humo humo. Kufikia adhuhuri wazee walianza kuondoka mmoja mmoja. Baba alibaki amesimama.

Ufa, hata hivyo, ulikuwepo, na lazima uwe na sababu. Kabla ya kurudi Mombasa nilifunga ukutani kihisi cha aina nyingine, kile kinachopima ukuta unavyoinama, kikawa kinanitumia habari kwa njia ya simu. Tulikubaliana injini izimwe kwa juma la kwanza. Wanawake wakarudi mtoni siku hizo, kwa makundi, mmoja akipiga maji kwa fimbo kufukuza mamba wakati wengine wanateka. Nilikuwa nikiamka naifungua kompyuta kabla ya kupiga mswaki, nikiomba ukuta uwe umetulia. Haukutulia. Uliinama injini ikiwa kimya, ukainama ilipowashwa tena, kwa mwendo ule ule. Mvua ndogo zilipoanza, ukaongeza.

Nilimwonyesha vipimo hivyo mhandisi wa majengo ninayefanya naye kazi, akaja kuchimba pembeni mwa msingi. Ni ule udongo wetu mweusi wa bondeni. Ukinywa maji hufura, ukikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu. Msingi wa baba ulikaa juu juu ya udongo huo, na mto, ambao zamani ulipita mbali, ulikuwa umehama ukasogea kijijini. Mhandisi aliniambia mvua kubwa isiwakute watu ndani.

Nilimkuta baba kizingitini kwake akipukuchua mahindi. Nilikaa chini nikaanza kumsaidia.

"Ni injini?" aliniuliza.

"Si injini, baba. Ni udongo. Umeuachia msingi."

Alipukuchua gunzi lote kabla ya kusema. "Msingi niliuchimba mimi. Ulikuwa mfupi?"

"Kwa mto wa wakati ule ulitosha."

"Usinibembeleze, mwanangu."

"Ulikuwa mfupi, baba."

Aliweka gunzi chini, akafuta mikono kwenye kikoi chake. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mama yako atakwenda wapi?"

Nilimshika mkono, naye akauacha mkononi mwangu mpaka kuku walipoanza kuyala mahindi.

Jumapili iliyofuata ibada ilifanyika nje, chini ya turubai. Baba aliomba nafasi ya kusema. "Injini haina kosa," aliwaambia. "Ukuta ni wangu, na umechoka. Niliowatukana, nisameheni." Akakaa. Nilitazama upande wa wanawake nikitarajia kuona nyuso za walioshinda, nikamwona mwenyekiti amejifunika uso kwa leso.

Ikaamuliwa kanisa libomolewe. Vijana walitaka kufunga kamba wauangushe ukuta kwa mara moja. Baba akawasihi wamwachie aanze yeye. Walipoegemeza magogo ukutani ili usimwangukie, alipanda ngazi akaanza kutoa matofali ya juu kwa mkono, moja moja, akiyakung'uta. Mwenyekiti alikuja akasimama chini ya ngazi.

"Nipe, shemeji," alisema.

Baba akampa. Naye akampa mwanamke wa nyuma yake, na huyo akampa mwingine, mpaka wakapanga foleni hadi kivulini. Hakuna aliyeimba. Katikati ya kazi nilimsikia mwenyekiti akisema, akiwa ameinua uso, "Siku ile tulikuwa pamoja mtoni. Nilimshika mkono, shemeji. Uliteleza." Baba alilikung'uta tofali alilokuwa ameshika. Akajibu, "Najua ulimshika," akampa tofali. Matofali mengi yalivunjikavunjika na hayakufaa kujengea tena.

Mvua kubwa zilipokuja, mto ulipasua ukingo ukachukua kiwanja chote cha kanisa. Watu walinipigia simu kunishukuru, wakisema kama kanisa lingekuwa bado limesimama na ingekuwa Jumapili, tungezika kijiji kizima. Nilizipokea shukrani hizo, kisha nikakaa garini nje ya kiwanda nikiufikiria ule ukuta.

Kanisa jipya ni la mabati, liko juu, mbali na mto. Baba alikwenda kila Jumapili lakini alikaa nje kwenye kiti cha plastiki, akisingizia joto. Nilimleta Mombasa akae nami, hakumaliza mwezi. Kiangazi kilichopita aliugua kifua, na kabla sijafika hospitali ya Garsen akawa ameshatangulia.

Baada ya mazishi nilibaki nyumbani kwake siku kadhaa. Niligawa nguo zake, majembe nikampa jirani, nikafagia vyumba vyote viwili. Asubuhi ya safari nilifunga mlango kwa kufuli, nikasimama uani na ufunguo mkononi, nikifikiria nimwachie nani. Kisha nikashika njia ya kwa mwenyekiti, yule aliyemshika mama mkono.