Kitambaa cha Fundo Jekundu

Enzi zetu tulijua kumekucha kabla ya kufumbua macho. King'ora cha kiwanda kilipasua ukungu wa Kiganjo, pale Thika, kikapenya mabati, kikapenya blanketi, na kabla hakijanyamaza ulisikia milango ya ploti nzima ikifunguka mmoja baada ya mwingine, sufuria zikigongana, na Mama Njeri wa mlango wa pili akimwamsha bintiye: "Njeri! Ũkĩra, chai inapoa!" Siku hizi mtoto huamshwa na simu, huizima mara tano, kisha huilaumu simu.

Baba alikuwa mfumaji katika kiwanda hicho cha nguo. Alitoka Bungoma akiwa kijana, na mashine aliyokabidhiwa mwezi wa kwanza ndiyo aliyoisimamia miaka yote. Mle ndani kelele zilikuwa nyingi hata wafumaji wakawa wanaongea kwa mikono. Vidole viwili vikiachana: uzi umekatika. Ngumi kifuani: mashine inakwenda, mambo sawa. Sisi watoto tuliziiba ishara hizo tukazifanya mchezo. Mimi na Njeri tulisengenya watu kanisani kwa mikono, wazazi wakidhani tumeshukiwa na Roho. Na kila Baba alipotoka kwenda shifti, alisimama mlangoni, akanitazama, akapiga ngumi kifuani, nami nikamjibu. Hakusahau hata siku moja.

Alinifundisha pia fundo la wafumaji, lile dogo kama punje ya wimbi. "Mama," aliniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la mamake, Nekesa, "ukipitisha kidole usilisikie, hapo umefunga." Nilifunga na kufungua nyuzi hadi vidole vikaota sugu, na vilipoota nilijivuna navyo.

Kisha mimi na Njeri tukaitwa shule moja ya bweni Ruiru. Tulipokuwa kidato cha pili, klabu yetu ya sayansi ilishinda shindano, na wafadhili wakaamua kutupeleka Japani wiki moja tukaone viwanda na teknolojia. Wee! Habari ilifika Kiganjo kabla yetu. Mwalimu Kamau, mlezi wa klabu, alitufanyisha mazoezi ya kuinama kwa salamu katikati ya uwanja mpaka wapishi wakatoka jikoni kutucheka. Mama Njeri alitufungia nduma za kuchemsha za kutosha ndege nzima, rubani akiwemo.

Baba alinipa kitambaa. Kilikuwa cha bluu, saizi ya hankachifu, na alikuwa amekifuma mwisho wa shifti kwa ruhusa ya msimamizi. Kwenye pembe moja aliunga uzi mwekundu kwa fundo lake.

"Mashine yangu ilitengenezwa huko," akasema. "Jina la mji limepigwa chapa kwenye chuma. Ukifika kwa wenyewe, wape hiki. Waambie bado inakwenda. Fundi akiligusa hilo fundo, atajua."

Njeri akacheka. "Aki Baba Nekesa, tunabebea Wajapani kitambaa? Si wako na vitambaa?"

"Vitambaa wanavyo," Baba akasema. "Hiki hawana."

Kuna jambo sikuwa nimemwambia. Kule Ruiru tulisoma na mabinti wa mawakili na wa wenye mashamba ya kahawa. Siku ya kwanza bwenini waliponiuliza babangu anafanya kazi gani, nilisema ni injinia. Njeri alinitazama tu, akaendelea kutandika kitanda chake. Hakunisaliti.

Japani tulivalishwa kofia ngumu, tukatembezwa juu ya mistari ya manjano. Tuliona mikono ya chuma ikichomelea magari bila mtu karibu. Tuliona mashine ikichagua nyanya mbivu na kuziacha mbichi, jambo ambalo Mama Njeri alilifanya sokoni kwa macho tu. Mbele ya kila kitu tulisema "Ngai!", hata sisi tusio Wakikuyu.

Siku ya nne tukapelekwa kwenye jumba la makumbusho ya viwanda. Nilikuwa bado kwenye ujia nilipousikia mdundo uleule ambao Baba huupiga mezani kwa vidole akisubiri ugali. Tulipoingia, niliiona mashine ya aina ileile ya Baba. Imepakwa rangi mpya, imezungushiwa kamba, na jina la mji liko palepale kwenye chuma. Mzee mmoja mwenye glavu nyeupe aliisimamisha, akakata uzi makusudi, akauliza kupitia mkalimani kama kuna mgeni anayeweza kuuunga. Alisema wanaojua wamebaki wachache.

Njeri alinigusa, akaachanisha vidole viwili. Uzi umekatika. "Nekesa, si hii ndiyo ya babako? Enda!"

Wote waligeuka. Binti wa wakili akakunja uso. "Kwani babake si injinia?"

Kitambaa kilikuwa mfukoni mwa koti, nimekishika.

"Zii," nikasema. "Sisi hatuna kitu ya zamani hivyo."

Yule mzee akatabasamu, akauunga uzi mwenyewe. Alichukua muda. Baba angeumaliza kabla hujapepesa macho, na mimi pia.

Niliporudi Kiganjo ilikuwa likizo. Baba hakuningoja hata nikae. "Walisemaje?"

"Walifurahi, Baba. Walishukuru sana."

Alicheka kwa sauti ya watu wa kiwandani, wasiojua kucheka polepole. Siku tatu aliwasimulia wenzake. Wazee wazima walinipita njiani wakipiga ngumi kifuani, nami niliwajibu huku nikitazama viatu vyangu.

Sasa kiwanda kimefungwa, na pale kilipolia king'ora pana maghorofa ya kupangisha. Vijana wa leo wakienda ng'ambo hupiga picha hata mlango wa choo. Mpwa wangu alikwenda majuzi na wenzake wa chuo kuona viwanda vya betri, na kila saa tulimwona akipunga mkono mbele ya roboti nyingine. Namcheka, lakini namwonea wivu. Angekuwa yeye siku ile, yule mzee wa glavu angeonana na Baba kwenye simu, uso kwa uso, wakaongea kwa mikono. Baba amerudi Bungoma na masikio yake ameyaacha Thika. Naweza kumpigia kelele kuhusu mahindi na mvua. Hili siwezi kulipayuka majirani wasikie, na katika ishara zote nilizoziiba kwake, hakuna ya kuomba msamaha.

Maana alijua, likizo ileile niliyorudi kutoka Japani. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama alilikung'uta koti langu ili alifue, na kitambaa kikaanguka sakafuni, kando ya viatu ambavyo Baba alikuwa akivifunga kamba. Aliinama, akakiokota. Akapitisha kidole kwenye fundo, mara moja, halafu tena. King'ora cha saa nane kikalia.

"Walikuwa na kazi nyingi, eeh?" akauliza taratibu.

Alikuwa amenifungulia njia ya kutorokea, nami nikapita.

"Ndiyo, Baba. Walikuwa na kazi nyingi sana."

Akakikunja mara nne, akakitia mfukoni mwa shati la kazi. Alipofika mlangoni nilikuwa nimeshakunja ngumi yangu, tayari kumjibu. Hakugeuka. Alitoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto, mpaka kitasa kikashika.