Mechi ya Tonga Aliyotusimulia Baba

Sista mkunga wa kituo chetu cha afya alitoka Tonga. Kabla hajaja kwetu sikujua kama kuna nchi ya jina hilo. Alinionyesha kwenye ramani ya ukutani: vitone vidogo katikati ya bahari, vingine havijaandikwa hata jina.

"Nchi yangu yote," aliniambia, "watu wake ni wachache kuliko wa wilaya hii ya Mbulu."

Alikuwa mwanamke mkubwa, mabega mapana, na sauti ya chini sana. Mimi nafanya kazi maabara, mlango wa tatu kutoka wodi ya wazazi, na kwa miaka miwili sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata siku ambazo sisi wengine wote tulikuwa tunapiga kelele.

Ijumaa moja akaja maabara, akasimama mlangoni kama mgonjwa anayeogopa majibu.

"Dada, nina jambo la aibu kidogo. Kesho Tonga inacheza na Samoa. Raga. Ni mashindano ya nchi zetu za visiwani. Hapa bondeni simu inapiga, lakini video haichezi. Kwenu kule juu mtandao unashika?"

Nyumba ya baba yangu iko Endagikot, mgongoni mwa kilima, na mtandao unashika vizuri. Nilimwambia aje.

Alifika kesho yake asubuhi kwa pikipiki ya masista, shingoni amefunga kitambaa chekundu, rangi ya timu yao. Kwao, alisema, ilikuwa jioni tayari. Baba alikuwa uani anapepeta maharage. Alikuwa katekista kwa miaka mingi. Sasa analima, ana ng'ombe watano, na Kiswahili chake bado ni cha kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Sista. Nasikia umekuja kuwaangalia ndugu zako."

"Ndiyo, baba."

"Basi na mimi nitawaangalia."

Akaweka ungo chini, akanawa mikono, akavaa miwani. Tuliegemeza simu yangu kwenye chupa ya chai, tukaketi watatu kwenye benchi moja, vichwa vimekaribiana. Wimbo wa taifa wa Tonga ulipoanza Sista alisimama. Baba akasimama. Nikasimama na mimi. Kwenye kioo wanaume wenye shingo nene kama magogo walikuwa wanalia waziwazi, bila kujifuta.

Halafu wakaanza ngoma yao ya vita. Wasamoa, waliovaa bluu, hawakungoja zamu yao. Wakaanza ya kwao papo hapo, pande mbili zinasogeleana zikipigiana kelele usoni. Na pale sebuleni kwetu Sista akapiga mguu chini. Akajipiga mikono, akatoa sauti ambayo sikujua anayo. Kuku waliokuwa mlangoni walikimbia. Baba hakucheka. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama anavyofanya kanisani padre akihubiri vizuri.

Sista alitueleza sheria kwa ufupi. Mpira unabebwa mkononi kwenda mbele, na ukiuweka chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani umefunga, lakini kumrushia mwenzako ni lazima urushe nyuma. Ukiangushwa unainuka, mnaanza tena. Mkiangushwa mara sita, mpira ni wa wengine. Baba aliuliza swali moja tu.

"Akishaangushwa, wanaruhusiwa kumpiga?"

"Hapana, baba. Wamwache ainuke."

"Vizuri."

Mapumziko yalipofika Tonga ilikuwa na kumi na mbili, Samoa sita. Nilikuwa namimina chai simu ya Sista ilipoita. Alisikiliza, akasema, "Mkandamizeni tumbo, nakuja," na alikuwa ameshasimama. Mama mmoja aliyeletwa kutoka Masieda amejifungua, na damu haikati.

"Na wewe, dada," akaniambia. "Atahitaji damu."

Nikatazama simu yangu. Baba akaona.

"Nendeni," alisema. "Mimi nipo. Nitawaangalizia."

Tuliteremka kilima kwa pikipiki, mimi nimeshika kiuno cha Sista. Kituoni nilikimbilia maabara, nikapima kundi la damu la yule mama, nikatoa chupa mbili za damu kwenye friji, nikazilinganisha na damu yake. Nilipozipeleka wodini Sista alikuwa amepiga goti juu ya kitanda, mkono mmoja umebana tumbo la mama kwa uzito wake wote, na kwa sauti ile ile ya chini alikuwa anamwambia, "Nitazame mimi. Usilale. Mtoto wako anaitwa nani?" Mama hakuwa amemchagulia jina. "Basi tafuta. Nitajie yote unayoyafikiria." Alikaa hivyo, hakubadilisha mkono, mpaka damu ilipokata na rangi ikaanza kurudi midomoni mwa yule mama. Nimefanya kazi na watu wengi hodari. Sijaona mwingine ambaye hofu ya chumba kizima inaweza kumwegemea namna ile, asiyumbe.

Tuliporudi nyumbani ilikuwa saa nane. Simu ilikuwa imezimika chaji, bado imeegemea chupa. Baba alikuwa kwenye benchi, mahali pale pale tulipomwacha. Maharage uani yalikuwa hayajaguswa.

"Mama yule?" aliuliza kwanza.

"Mzima, baba. Na mtoto mzima," Sista akasema.

"Asifiwe Mungu. Kaeni niwaambie."

Akasimulia. Hakujua jina la mchezaji hata mmoja, lakini ni mtu anayetambua ng'ombe wake kwa mbali, gizani, kwa mwendo tu. Alitueleza habari za mwekundu mwenye nywele ndefu aliyekimbia akipinda kiuno, na bluu mfupi ambaye watu watatu hawakuweza kumlaza. Samoa walisawazisha. Tonga wakaenda mbele tena, Samoa wakasawazisha tena. Mwekundu mmoja alipasuka kichwani, akatolewa, akafungwa bandeji, akarudi. "Nilimwambia abaki nje," alisema baba. "Hakunisikia." Sista alikuwa ameinama mbele, mikono imeshikana, kana kwamba mechi ilikuwa inachezwa kifuani mwa baba.

"Halafu?"

Baba akavua miwani.

"Dakika za mwisho yule bluu mfupi alipita pembeni, akauweka mpira chini. Ishirini na mbili kwa kumi na nane. Mmefungwa, Sista. Pole, mwanangu."

Sista akacheka, machozi yanamtoka.

"Lakini sijamaliza," baba akasema. "Filimbi ilipolia nilidhani watapigana, kwa jinsi walivyokuwa wamegongana. Wakaja katikati. Wakapiga magoti, wekundu na bluu wamechanganyika, wameshikana mabega, wakasali. Yule wa bandeji alikuwa amemwegemea yule mfupi aliyemfunga. Nilivua kofia."

"Tunafanya hivyo kila mara, baba," Sista alisema. "Tukishinda, tukishindwa."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Niliwapakulia makande, Sista akala sahani mbili, akaenda kulala kidogo kwenye kitanda changu kabla ya kurudi wodini.

Jumapili baada ya misa baba aliwasimulia wazee wenzake nje ya kanisa, kwa Kiiraqw, mchezo wote tangu ngoma ya vita. Alirusha mikono, akaonyesha jinsi mpira unavyorudishwa nyuma. Wale wazee wamechunga na kulima maisha yao yote na hawajawahi kuona mpira wa umbo la yai, lakini hakuna aliyeondoka. Alipofika kwenye sala, mmoja alimuuliza, "Na sisi tulikuwa upande gani?"

"Sisi ni Tonga," baba alisema.