Nguo Tatu za Mamdogo Zuhura

Mfuko wa ndimu kavu ulipasuka ndani ya gari nikiwa katikati ya njia, nikitoka dukani Brooklyn Center kwenda kwa Mama kule Maplewood. Nilikuwa nimewasha hita mpaka mwisho, maana Januari ya huku Minnesota haina mzaha, na ule moto ukaifumua harufu ya zile ndimu nyeusi, chachu na yenye moshi kidogo, ikajaa gari zima. Binti yangu, aliyekaa nyuma, akaziba pua na kuniuliza kwa Kiingereza kama kuna kitu kimekufa. Mimi nilikuwa na miaka tisa tena, nimesimama katika soko la viungo la Dubai, mkono mmoja umeshikwa na Mama na wa pili umeshikwa na mamdogo Zuhura, na nilijiona mtoto mwenye bahati kuliko wote duniani.

Tulikuwa safarini, mimi na Mama, kumfuata Baba Minnesota. Baba alikuwa ametangulia miaka mitatu, na sauti yake niliijua ya simu kuliko ya mdomo. Ndege ya kwanza ilitushusha Dubai asubuhi, na ya pili ilikuwa iondoke usiku. Mama alikuwa na bahasha kubwa ya kahawia aliyopewa na ubalozi wa Marekani, imefungwa na kupigwa muhuri, naye aliambiwa kwamba ikifunguliwa kabla ya kufika, safari imekwisha. Mwenzangu, bahasha ile aliitunza kama kitoto kichanga. Alikula nayo, akasinzia nayo, akaingia nayo msalani. Mimi nikikohoa karibu nayo, nilikatwa jicho.

Mamdogo Zuhura ni mdogo wake Mama, tumbo moja. Alikwenda Dubai kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, na mwaka ule ulikuwa wa nne. Bibi wa nyumba ile alimwekea pasipoti yake kabatini, eti isipotee. Siku ile alipewa ruhusa mpaka saa tisa alasiri kwa kuwa dada yake anapita, na akapewa simu ndogo ya vitufe ili akitafutwa apatikane.

Alitusubiri kwenye gati, kando ya ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Nilimkimbilia nikamwamkia, akanikumbatia, na nikashangaa jinsi alivyonenepa. Nyumbani alikuwa mwembamba. Nikamwambia kwamba Dubai imempenda, na Mama akanifinya.

Sijaona tena mahali palipojaa vitu namna ile. Vyombo vya baharini vya mbao vilifungwa ubavu kwa ubavu, na juu ya gati paliachwa mafriji, matairi, magunia ya mchele na televisheni katika makasha, vyote wazi, bila askari. Nilimuuliza Mamdogo nani analinda. Akasema hakuna. Nilimwambia kwamba Mombasa mali ile isingefika magharibi, akacheka. Alitutembeza sokoni, nikatia mkono katika pipa la ndimu kavu zilizogongana kama kokoto, na mwenye duka akanipa moja bure. Tulikunywa maji ya embe. Tukala mkate wenye nyama uliozungushiwa karatasi, na mafuta yakanitiririka mpaka kwenye viwiko. Mama alitupa macho kila upande akiwa ameibana bahasha kwapani. Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba huo ndio mji nitakaoishi nikikua.

Kisha tukapanda kijiboti cha kuvukia ng'ambo, kile ambacho abiria huketi katikati wamepeana migongo. Nilikuwa mtoto wa kivuko cha Likoni, kwa hiyo nilijifanya mjuzi. Upepo ukavuma, ukalipeperusha buibui la Mamdogo, na mkono wake ukabaki wazi. Nikaona mikono mitatu ya nguo. Wa juu wa kijani, chini yake wa maua, na chini kabisa mweupe wa pamba. Jua la siku ile lilikuwa la kuchoma, na jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni.

Hapa lazima nikueleze alichotuambia Baba kwenye simu. Alisema Minnesota ni baridi ambayo hatujawahi kuisikia, na kwamba watu huvaa nguo juu ya nguo, kama kitunguu. Nililikariri neno hilo la kitunguu kwa majirani wote. Kwa hiyo nilipoiona mikono ile mitatu, nilielewa kila kitu, au ndivyo nilivyodhani. Nilipiga makofi.

"Mamdogo, umeshavaa za Minnesota! Tunakwenda sote!"

Mamdogo alicheka sana, mpaka akajipangusa macho. Kisha akamtazama Mama, na Mama akatazama maji.

Tulipofika ng'ambo tukaketi kwenye kibanda cha chai karibu na msikiti mdogo. Mimi nilipewa kazi ya kulinda mikoba, na wao wakanong'ona. Nilisikia vipande tu. Mamdogo alisema habari za pasipoti, na za ofisi ya ubalozi wetu ambayo mtu akifika mlangoni hawamrudishi. Alisema hataki chochote zaidi ya kusindikizwa, kwa sababu peke yake miguu inamkataa, alishajaribu mara mbili akarudi. Mama alisema wataulizwa wana udugu gani, wataandikwa majina, na ndege ni usiku. Aligusa bahasha. Mamdogo akaitazama bahasha ile, kisha akasema kwa sauti ambayo niliisikia sawasawa.

"Unifikishe mlangoni tu, Dada. Hata usiingie."

Mama alimwambia akaswali kwanza, watazungumza akirudi. Yeye mwenyewe ni msafiri, alisema, atazikusanya swala zake mbele ya safari. Mamdogo akatuachia mkoba wake akaingia msikitini upande wa wanawake. Saa tisa ilikuwa imekwisha pita.

Simu ikalia ndani ya mkoba. Mama hakuigusa. Ikanyamaza, ikalia tena, watu wa vibanda vya jirani wakageuka, na Mama akaketi vile vile huku vidole vyake vikiisugua pembe ya bahasha. Ilipolia mara ya tatu aliitoa. Aliitazama kitambo. Kisha akanikabidhi mimi.

"Pokea wewe. Si unajua Kiarabu."

Kiarabu nilikijua, tena nilikuwa na tuzo yake. Madrasa yetu ilinipa msahafu na kanga ya kumpelekea Mama kwa kushinda wasichana wote wa darasa langu. Lakini hakuna aliyewahi kunipigia simu kwa Kiarabu. Nikaketi wima kama mwalimu. Sauti ya mwanamke ikaniuliza Zuhura yuko wapi, kwa Kiarabu cha haraka ambacho nilikikamata nusu, nami nikamjibu kwa kile cha hutuba, irabu zote mahali pake. Nilimwamkia, nikamuuliza hali yake na ya watu wa nyumbani kwake. Nilimwambia Zuhura anaswali. Akaniuliza wapi, nikamtajia msikiti, rangi ya mnara wake, na kwamba uko mkabala na mahali vinaposimama vijiboti. Kisha nikamwongezea habari njema, kwamba Zuhura anakwenda nasi Amerika.

Yule mwanamke akasema ahsante, akakata. Nikamgeukia Mama nikingoja sifa. Alinivuta akanilaza kichwa mapajani mwake, akanifunika uso kwa kanga, akasema nipumzike. Nilidhani ndizo sifa zenyewe.

Gari jeupe halikuchelewa. Mamdogo alikuwa ametoka tu, anavaa viatu, dereva wa nyumba ile akashuka na kumwita kwa jina. Hakumshika wala hakupaza sauti. Alifungua tu mlango wa nyuma akangoja. Mamdogo alimtazama, akatutazama sisi, kisha akaiona simu mkononi mwangu.

"Nani aliyepokea?" akauliza.

"Mtoto," Mama akasema.

Mamdogo alikuja akachuchumaa mbele yangu. Uso wake ulikuwa na maji, ya udhu au ya jasho, sijui. Akaichukua simu, akanifunga kifungo cha kola kilichokuwa kimeachia. "Si kitu, mwanangu," akasema. Akaingia garini. Alipokuwa akiketi niliuona mkono wa kijani, wa maua na mweupe, kisha mlango ukafungwa, nami nikalia kwa sababu moja tu. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimepanga kuketi naye kwenye ndege.

Baridi ya kwanza ya Minnesota Mama alinivalisha suruali mbili na sweta mbili niende shule. Nikamwambia kwa furaha kwamba sasa nimekuwa kama Mamdogo. Alikuwa amepiga magoti akinifunga zipu. Aliinuka, akaingia chumbani, na ni Baba aliyemalizia kunivalisha, kofia mbele nyuma.

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipoelewa. Ilikuwa harusini Brooklyn Center, wanawake wa pwani tumekaa tukipaka hina, na mmoja akasimulia habari za Arabuni alikowahi kufanya kazi. Alisema kule msichana akitaka kutoroka nyumba habebi begi, maana begi humsema mlangoni. Huvaa nguo zake zote mwilini akatoka kama anakwenda sokoni. Wenzake wakacheka, kwa sababu alikuwa mchekeshaji. Mimi hina iliniharibikia kiganjani kwa jinsi nilivyokunja ngumi.

Tangu siku ile niliishi nikijua kwamba ni mimi niliyemrudisha mamdogo Zuhura ndani ya nyumba ile. Alikaa miaka sita mingine. Alirudi Mombasa na mgongo usionyooka, na hakuwahi kutueleza umefanywa nini. Hakunilaumu hata siku moja. Kila wiki alipiga simu, na kila wiki tulizungumza mimi na yeye, kwa kuwa Mama alisema hana stahamala ya simu. Alisalimia, akauliza mvua, kisha akanisukumia simu mimi. Nilisema mambo ya shule, baadaye ya kazi, baadaye ya watoto, na jambo lile moja sikulitaja miaka yote. Niliona haya mpaka haya zenyewe zikawa kama kiungo cha mwili.

Mwaka huu Mamdogo amepata viza ya kututembelea. Atafika Alhamisi. Ndiyo sababu siku ile nilikuwa nimekwenda kununua ndimu kavu za kumpikia, na ndiyo sababu nilifika kwa Mama nimeamua. Binti yangu alikwenda kwenye televisheni. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Leo huna shift?" akaniuliza. Mimi ni muuguzi, na kwa Mama nisipokuwa kazini basi nimefukuzwa.

Nilimwambia niliomba ruhusa. Kisha nikamwambia yote, nimesimama, koti bado mwilini. Kwamba ni mimi niliyemwambia yule bibi mahali Mamdogo alipo. Kwamba nilijua tangu utoto na nikanyamaza. Kwamba Alhamisi nitamwomba Mamdogo msamaha mbele ya Mama, naye anisaidie kusema.

Mama aliendelea kumenya. Kiazi kiliisha, akaendelea kukimenya nyama yake, ikidondoka vipande sinkini.

"Rukia," akasema. "Nani alikupa ile simu?"

Mwanzoni sikuelewa anauliza nini. Nilikuwa nimeikumbuka siku ile mara elfu, na kila mara simu ilikuwa tayari mkononi mwangu.

"Iliita mara mbili nikaiacha. Ningeweza kuiacha na ya tatu," akasema. "Nilikujua. Ulikuwa mtoto usiyeficha kitu. Mimi mwenyewe nisingeweza kumwambia hapana, ni mdogo wangu. Nikakupa wewe." Akakiweka kisu. "Nikasema, tukifika Amerika nitamtengenezea mambo yake. Nikasema hivyo miaka yote."

Nataka nikuambie kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikuwa na hasira ambayo sikuijua jina lake, na chini ya hasira ile, sikufichi, nilisikia nafuu, na nafuu ile ikanitia haya upya. Nilimwona mwanamke wa miaka thelathini na moja, umri wangu wa sasa, na bahasha na mtoto, katika mji asioujua, mume akimngoja. Na nilimwona mtoto wa miaka tisa akipewa simu. Wote wawili niliwaonea huruma, lakini si kwa kiasi kimoja.

Simu ya Mama ikalia pale mezani. Picha ya Mamdogo ikajitokeza kwenye kioo. Mama alipokea, akaweka sauti nje kwa kuwa mikono ilikuwa na maji, na jiko zima likajaa Mombasa, kunguru na honi na sauti ya Mamdogo iliyo nyepesi siku zote.

"Dada, nafunga begi hapa. Huko baridi sana, eti? Niambie basi, safari hii nivae nguo ngapi?"

Akacheka. Mpaka sasa sijui kama lilikuwa swali tu, au kama amekuwa akijua tangu pale mlangoni mwa msikiti na alikuwa akimfungulia dada yake njia ya kusema. Mama alifumba macho. Kisha akaichukua simu kwa vidole vilivyolowa, akaninyooshea mimi, vile vile, kama pale kwenye kibanda cha chai.

Nilivua koti langu taratibu nikalitundika kitini. Nikachukua kisu, nikaanza kumenya kiazi kingine, na simu sikuipokea.

"Dada?" Mamdogo akaita. "Upo?"