Chanjo Niliyoifuta Mkononi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni, ingawa nywele zangu sasa zimeanza kuingia mvi. Ilikuwa katika miaka ya hamsini, ndui ilipoingia Voi kwa njia ya reli. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwenye sare iliyonyooka kuliko akili yangu.

Majuma mawili kabla ya siku hiyo, sisi wanafunzi tulichanjwa kwanza. Tulikuwa tumefundishwa kwamba spiriti huiua dawa ya chanjo, na elimu hiyo nikaitumia vibaya. Nilikuwa nimeposwa, nikaogopa kovu siku ya arusi. Nikajibanza nyuma ya mlango, nikaupangusa mkono wangu kwa pamba yenye spiriti. Wenzangu wawili wakacheka, wakafanya vivyo hivyo. Kitambaa cha kufunika pua na mdomo nacho tulikining'iniza shingoni kama mkufu, tukakipandisha mkubwa wetu alipopita. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilifichuliwa mapema zaidi.

Tulipotumwa mtaa wa Kaloleni, pale pale Voi, kuchanja, wa kwanza katika foleni alikuwa bibi mmoja Mdawida wa milima ya Taita, Bibi Wakesho, amembeba mjukuu mgongoni. Aliitazama sindano, kisha akanitazama mimi.

“Mjukuu wangu,” akasema kwa upole, “kwetu milimani anayekukaribisha pombe ya miwa huonja yeye kwanza, mgeni amwone akimeza. Wewe umeonja? Nionyeshe mkono.”

Nikaukunja mkono wa sare. Ngozi ilikuwa laini, haina hata alama. Bibi hakunikemea. Alikaza kanga ya mtoto, akasema nao watangoja hadi nionje, akaondoka. Foleni nzima ikamfuata.

Mzee Mwadime, dresa, yaani mhudumu wa hospitali aliyetuongoza, alilifunga sanduku la dawa taratibu. Nilitarajia ghadhabu; naye aliketi kando yangu hadi nilipomaliza kulia.

“Binti yangu,” akaniambia, “hawa akina mama hawasomi vitabu vyako. Wanakusoma wewe.”

Kesho yake alinipeleka kwa Bibi Wakesho. Nilikiri habari ya spiriti mbele ya majirani, nikaomba radhi, nikachanjwa pale pale uani. Bibi aliushika mkono wangu nisije nikaufuta tena, akasema mchumba akilichukia kovu nimlete, amchanje ulimi. Tukacheka. Kisha akamtoa mjukuu wake achanjwe, na wengine wakarudi mmoja mmoja.

Lakini mama mmoja wa foleni ile alikuwa ameshapanda gari la moshi kwenda Maungu na mtoto asiyechanjwa. Baadaye mtoto huyo aliletwa kwetu akiwa na ndui. Nilimuuguza nikiwa nimefunika pua na mdomo bila kuamriwa na mtu. Alipona, nashukuru; ila uso wake ulijaa makovu, nami nilikuwa nimekataa moja tu.

Mwanangu unayesomea kazi hii, usimpe mtu dawa unayoikimbia kwa siri. Ukiwa na shaka, simama nayo darasani, uulize, ujibiwe. Shaka iliyosemwa hutibika, iliyofichwa huambukiza. Kitambaa ukivae hata asipokuwapo wa kukutazama, kwa kuwa mgonjwa yupo. Na ukikosa, nenda ukakiri kwa uliyemkosea, wala usingoje kuitwa.

Mungu akutakase mikono na moyo, na kila mtoto utakayemshika arudi kwao mzima, mamaye amtambue kwa furaha.