Uliuliza Banani?

Nakumbuka bado, mwanangu, Jumapili niliyotumwa mji wa Baraka kuulizia gari.

Nilikuwa msichana, karani wa kikundi cha wamama wakulima wa Kilembwe, kule milimani. Walitaka gari la kupelekea mihogo sokoni na wagonjwa hospitalini, wakanichagua kwa kuwa nilijua kusoma. Kusoma si kuuliza, ila hilo sikulijua.

Huko Baraka, wenye kamyoneti, magari madogo ya mizigo, za aina moja walikutana ufukweni mwa ziwa baada ya misa, kila mmoja akisugua yake kama anayeogesha mtoto mchanga. Niliwauliza wote kama inadumu. Wote wakaapa, mmoja hata aliubusu usukani. Nikarudi na daftari lililojaa sifa, na wamama wakanunua.

Mwezi haukwisha. Tulikuwa tunamshusha jirani yangu Nyota, uchungu umemshika, resori za nyuma zinazobeba uzito zikakatika mlimani. Wanaume wakambeba kwa machela. Nilikimbia pembeni nikimsikia akilia, nikijua ni mimi niliyemfikisha pale. Alijifungua salama, Mungu ni mwema, lakini sikuweza kumtazama usoni.

Fundi aliyekuja, mzee Lubunga, alitoka chini ya gari na mafuta hadi kwenye nyusi, akataka kujua niliwauliza akina nani.

“Wee mutoto, uliuliza banani?”

“Benye motokari kama hii, papa.”

“Bale bangali nayo, bale banaipenda. Na bale ilibafia mu njia, nani alibauliza?”

Akanielekeza kwa mvuvi mmoja wa Swima, kijiji cha ziwani, ambaye ya kwake ilimfia njiani. Nikaenda. Kamyoneti yake ilikuwa nyuma ya nyumba, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Hakuwa na uchungu, alieleza tu: kwenye njia tambarare ya ziwani haina shida; ukipanda milima na mzigo, resori hazivumilii mpaka ziongezewe vyuma. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nilisimama mbele ya wamama nikakiri kosa langu. Nilingoja matusi. Nyota, mtoto mgongoni, ndiye alisema kwanza: “Basi tuyitengeneze.” Lubunga akaongeza vyuma, na gari lile likapanda Kilembwe miaka mingi.

Leo unanionyesha kwenye simu kundi la wenye pikipiki unayoitaka, wote wanaisifu. Siwaiti waongo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na aliyechoka nayo alishatoka kwenye kundi. Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno. Nami naongeza, wengi waliopita mlango mmoja ni kama mtu mmoja. Mtafute aliyeuza. Mtafute anayetembea kwa miguu kwa kuwa yake ilimfia, na fundi, na anayepita njia utakayopita wewe. Ukiisha kuwasikia hao, nunua bila hofu. Ni hivyo hivyo na kazi, na ndoa pia.

Mungu akupe masikio ya kumsikia hata asiyekuwepo, mwanangu, na kila mlima uupande ukiwa mzima.