Masikio ya Paka na Shavu la Mzee Mutiso

Kuna asubuhi moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huo na kuajiriwa katika kliniki ndogo ya masikio huko Makadara. Nilivaa koti langu jeupe hata nikienda kununua mandazi Makongeni, watu wasije wakanidhania mtu wa kawaida. Wakaniita daktari. Sikuwa daktari, na sikuwasahihisha.

Kazi yangu ilikuwa kurekebisha vile vifaa ambavyo madaktari wa upasuaji hupandikiza ndani ya sikio la mtu asiyesikia. Kifaa hicho hakipazi sauti. Huigeuza kuwa mapigo ya umeme, kisha waya mwembamba uliolazwa ndani kabisa ya sikio huyapeleka kwenye neva ya kusikia. Mimi, mbele ya kompyuta, niliamua kila pigo liwe na umbo gani na nguvu kiasi gani.

Asubuhi hiyo aliingia Mzee Mutiso, mchonga vinyago wa kando ya Jogoo Road, ambaye homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemzima masikio yote mawili. Bintiye, Mumbua, alimwandikia kwenye daftari kila tulichosema. Ilikuwa mara yao ya tatu, na shida ilikuwa ile ile. Nikishusha umeme, mzee hasikii. Nikiupandisha, shavu linaruka na jicho linafumba lenyewe, kwa sababu umeme ulivujia neva ya uso kabla haujaiamsha vizuri ile ya kusikia.

"Daktari, majirani wa plot wanadhani anawakonyeza," Mumbua alisema. "Juzi kanisani amemkonyeza mke wa pasta."

Nilicheka. Mzee hakucheka. Alivua kile kipande cha nje cha kifaa, kinachovaliwa nyuma ya sikio, akakiweka mezani mbele yangu.

"Kijana, leo ndiyo mwisho. Ukishindwa, hiki nakuachia. Nitakaa na ukimya wangu. Huo angalau hauniaibishi."

Badala ya kuogopa, nikaanza kuhubiri, Mumbua akiandika mbio. Nikaeleza kwamba kila pigo lina sehemu mbili, hasi na chanya, moja ikifuta nyingine ili umeme usibaki mwilini ukadhuru. Hasi ndiyo huamsha neva, nikasema; chanya ni ya kusafisha tu. Ndiyo maana niliifanya hasi iwe fupi na kali, na chanya iwe ndefu na dhaifu. Vitabu vimesema. Kwa hiyo kasoro ilikuwa ya uso wake, si ya hesabu zangu.

Mzee alisoma daftari polepole mpaka mwisho.

"Hao wa vitabu walimjaribu nani?"

Majaribio niliyosoma, mwanangu, yalikuwa ya paka.

"Paka," nikasema. Mumbua akaandika. Mzee akalisoma neno lile, kisha akanitazama mimi.

"Mimi nikinunua gogo, naligonga kwa mpini wa tezo, nasikiliza kama lina ufa. Likinyamaza huku, silitupi. Naligeuza, nagonga upande wa pili. Wewe siku tatu unagonga upande mmoja, halafu unalaumu mti. Geuza!"

"Baba, usimgombeze daktari," Mumbua alisema, akasahau kuandika.

Kugeuza kulikuwa kubonyeza mara mbili tu. Kompyuta iliruhusu tangu mwanzo; mimi ndiye niliyekataa, kwa heshima ya paka. Nikaifanya sehemu kali kuwa chanya. Akavaa kifaa chake. Nikaanzia chini kabisa, nikapanda hatua kwa hatua, nikilichunga shavu lake kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

Shavu likatulia. Nikapanda. Likatulia. Nikafika pale ambapo jicho lilikuwa likifumba, nikapita. Mzee akaketi wima.

"Mumbua, hiyo kalamu yako inakwaruza."

Binti akaiangusha. Mzee akaisikia ikianguka, akageuka.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kumkalisha. Alinyakua rula yangu akagonga meza, kiti, dirisha. Akafika mlangoni, akagonga mara mbili, akainamisha kichwa, akamgeukia meneja aliyekuja kuuliza kelele ni za nini.

"Huu si mti. Ndani ni karatasi. Mlidanganywa."

Meneja akagonga mwenyewe. Kliniki nzima ikaangua kicheko, Mumbua akicheka na kulia, na wagonjwa kwenye benchi wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani.

Baadaye nilijifunza kwamba neva ya binadamu mara nyingi huitikia chanya kuliko hasi, ingawa masikio hayafanani na wapo ambao tofauti ni ndogo. Mezani pangu mpaka leo yupo paka wa mti aliyechongwa na Mzee Mutiso. Amevaa koti la daktari.

Basi, mwanangu, wewe unayeanza kazi na koti jipya: kabla hujamwambia mtu kwamba kasoro ni yake, geuza kwanza kitu kimoja ulichokuwa na hakika nacho, kisha mwulize anasikia nini. Vitabu visome, mimi bado navisoma. Lakini uliza walioviandika walichunguza masikio ya nani.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka, na mzee mmoja mkali wa kukugombeza mapema. Na akufikishe siku ya kuona mtu akigeuka kwa sababu kalamu imeanguka.