Fundo la Mudaka

Ukifika soko la Nyawera, utamuona Maman Rosalie akifunga sambaza, samaki wadogo wa ziwa, ndani ya majani ya ndizi. Usimuharakishe! Mimi Marcelline, jirani yake wa meza, nimekwisha kugombana na wateja wengi juu ya hiyo. Kamba anaizungusha mara mbili, ncha anaificha chini. Ni fundo la nyumba ya bwana yake, Donatien, kule Mudaka. Kila nyumba ilikuwa na fundo lake, vifurushi visichanganyike sokoni.

Vita ya 96 ilipoingia, Rosalie alimufungia Donatien chakula cha njia, wakapotezana katika kukimbia. Mwaka uliofuata mutu akasema alimuona upande wa Kabalo. Rosalie akafika Kalemie na boti, akapanda treni ya Kabalo. Alitaka kujua kitu kimoja tu: Donatien iko muzima ao hapana.

Siku ya pili ndani ya treni, akatoa kifurushi cha chakula chake. Mbele yake alikaa bibi muzee, Muluba kwa kabila, Swahili hajui hata neno. Bibi akakodolea kile kifurushi macho. Akaingiza mukono kifuani, akatoa kifurushi kingine. Jani lilikuwa limekauka, jeusi, ndani hakuna kitu. Kamba mara mbili, ncha chini.

"Mama yangu weee!" Rosalie ananiambiaga. "Nilisikia baridi mpaka mu mifupa."

Akamutikisa bibi mabega: "Umekitoa wapi? Bwana yangu iko wapi?" Akauliza kwa Swahili, kwa Mashi, luga ya kwao, kwa Kifaransa. Bibi alimushika mukono tu, hakumuachilia.

Treni ikasimama katikati ya majani marefu, pasipo kituo wala nyumba. Bibi akamuvuta washuke.

"Maman, umuache huyo!" mutu wa tiketi akapiga kelele. "Kila treni anapanda, anaonyesha watu lile jani. Ni kichaa!"

Rosalie akashuka. Aliogopa sana, lakini akafuata. Majani yaliwapita kichwa, hata ndege hakulia. Mwishoni, kaburi pasipo jina, na musalaba wa miti miwili, imefungwa kamba mara mbili, ncha chini.

Rosalie akaanguka, akalia. Bibi akamuonyesha kwa mikono: mwanaume alifika akitembea, akaanguka, mudomo haukufunguka tena. Halafu akaonyesha kaburi, akagusa midomo ya Rosalie, akangojea.

"Donatien," Rosalie akasema.

Bibi akapiga magoti, akaligeukia kaburi. Akamuita kwa jina, mara tatu.